Pua ya Bi Mwanakheri na Chetezo Kimoja

Hapo zamani, na msinikodolee macho, sisemi zamani za wanyama kuzungumza. Nasema zamani za juzijuzi tu, kidonge cha mafua kikiuzwa kimoja kimoja na kufungwa kwenye kipande cha gazeti, palikuwa na bibi mmoja katika mji wa Karafuuni ambaye utajiri wake wote ulikuwa pua. Shamba hana. Duka hana. Pua anayo. Jina lake Bi Mwanakheri, na kazi yake kupika udi wa maharusi.

Wewe usiyejua udi unavyopikwa utasema, aa, kazi gani hiyo, vijiti na sukari. Basi nyamaza nikwambie. Sukari huyeyushwa kwa moto mdogo mpaka ivutike kama asali. Vipande vya udi hutiwa, yakafuata marashi ya waridi, ikafuata ambari, na mwisho kabisa hutiwa zabadi, yale mafuta yatokayo kwa ngawa. Hapo kwenye zabadi ndipo penye kazi. Ikipungua, udi hauna roho. Ikizidi hata tone, nyumba itanuka zizi la mbuzi mpaka mwaka upinduke. Na kipimo chake si kijiko wala kikombe. Kipimo ni pua ya mpishi.

Karafuuni wana desturi yao. Siku ya kupambwa biharusi, mpishi wa udi hakibebi chetezo mwenyewe. Humpa mwanamke aliyemfaa kuliko wote katika kazi ya udi ule. Huyo hutangulia mbele ya biharusi, chetezo mkononi, moshi unapanda, vigelegele vinalia, na jina lake ndilo linalofungua wimbo. Chetezo ni kimoja na mkono ni mmoja. Wapo waliokibeba miaka thelathini iliyopita, na mpaka leo ukipita barazani kwao watakukumbusha, utake usitake.

Ikafika zamu ya Shamsa kuolewa. Shamsa ni mjukuu wa Bi Mwanakheri. Mama yake, Zainabu, alifariki mtoto hajaota meno. Lakini kabla hajafa, Zainabu alinunua udi mzuri, aina ile ile aliyokuwa akijifukiza mwenyewe, akautia ndani ya kibati, akamwambia mama yake, "Huu wa harusi ya mwanangu. Utampikia wewe, mama." Kibati kile kilikaa sandukuni miaka ishirini na mbili. Siku kikifunguliwa, ni kama Zainabu mwenyewe amekuja kumpamba binti yake. Udi mwingine upo madukani, tele. Udi wa Zainabu ni ule tu.

Sasa sikilizeni balaa lilivyoingia.

Jumatano ya wiki ya kabla ya harusi, Bi Mwanakheri alikwenda hitimani pamoja na mdogo wake, Bi Kazija. Wakakaa sinia moja. Upande wa pili wa sinia akakaa mama mmoja, macho mekundu, pua inachuruzika. Mkono wa kwanza kwenye pilau, yule mama akapiga chafya juu ya wali. Ya pili. Ya tatu. Watu wa Karafuuni, adabu imewazidi. Kwao mtu haondoki siniani kwa ajili ya chafya. Kuondoka ni kumwaibisha mwenzio. Basi ndugu wawili wakasema, "Afya, mwanangu!" kisha wakala mpaka wakakomba ukoko.

Ijumaa asubuhi, Bi Mwanakheri chumbani: chafya! Bi Kazija barazani: chafya! Siku moja, saa moja.

"Dada, umesikia?" akaita Bi Kazija.

"Nimesikia. Nyamaza," akasema Bi Mwanakheri, akashika pua yake kwa vidole viwili kama mtu anayeshika mwizi. Akafungua chupa ya zabadi, akainusa. Hakuna kitu. Akasogeza zaidi. Hakuna kitu. Harusi ni Jumamosi ya wiki ya pili. Udi ukishapikwa hulazwa siku mbili ndani ya gudulia. Maana yake, mwisho wa kupika ni Alhamisi. Na pua imefungwa kama duka la mwenye deni.

Jumamosi asubuhi akajitanda kanga, akaenda mpaka duka la dawa la Nasra. Nasra ni binti mtaratibu, koti jeupe, kalamu sikioni.

"Shikamoo, bibi. Pole, sauti hiyo si yako."

"Marahaba, mwanangu. Nifungulie pua yangu. Nina udi wa Shamsa kupika."

Nasra akamuuliza presha, akamuuliza dawa nyingine anazotumia, ndipo akamtolea vidonge. "Kimoja asubuhi, kimoja usiku, wala usizidishe. Lakini bibi, nisikilize. Dawa hii haiui mafua. Inayanyamazisha tu. Utalala, utapumua, kichwa kitapoa. Mafua yenyewe yatakuwa bado yamo ndani."

Bi Mwanakheri alisikia "utapumua". Yaliyobaki yaliingia sikio hili yakatokea lile. Mnamjua mgonjwa mwenye shughuli.

Akameza. Na kusema kweli, Jumamosi ile alilala. Jumapili akaamka pua kavu, kichwa chepesi, anavuta pumzi ndefu mpaka tumboni. Barazani Bi Kazija alikuwa anakoroma kama trekta, macho yamevimba, leso tatu zimelowa.

"Kazija, nenda kwa Nasra ukachukue vidonge."

"Sendi! Mafua ni mgeni, dada. Mgeni mwingine siku mbili, ya tatu unampa jembe. Huyu jembe hashiki. Mpikie, mfukuze, mtukane, siku zake zisipotimia haendi. Mimi namwacha ale amalize."

"Atakumaliza wewe."

"Tutaona nani atammaliza mwenziwe," akasema Bi Kazija, akapenga.

Jumatatu Bi Mwanakheri akasema, nimepona. Akawasha moto. Bahati nzuri wapishi wa udi wana mwiko: udi wa thamani haupikwi wote sufuria moja. Akamimina nusu ya kibati, nusu akairudisha sandukuni. Sukari ikayeyuka. Udi ukaingia. Marashi, ambari. Akafungua zabadi, akatia tone. Akanusa. Mh, bado. Akatia la pili. Bado. Pua ipo wazi, pumzi inapita kama upepo wa dirishani, mbona harufu haiji? Akatia la tatu.

Jirani, Bi Mauwa, akaingia mbio huku amejiziba pua kwa upande wa kanga.

"Shoga! Paka gani kafia humu?"

Bi Mwanakheri akamtazama Bi Mauwa. Akaitazama sufuria. Akainama akavuta pumzi juu yake kwa nguvu zake zote, na hakusikia chochote, si udi, si sukari, si hata moshi. Ndipo akaelewa. Mlango wa pua ulikuwa umefunguliwa, lakini mwenye nyumba hakuwa amerudi.

Alikaa chini jikoni akalia. Hakulia kwa mafua. Alilia nusu ya udi wa Zainabu. Maji yakimwagika hayazoleki, na udi uliozidi zabadi ndivyo hivyo hivyo. Walikwenda kuufukia nyuma ya nyumba, na kuku wakauhama ule upande siku mbili nzima.

Bi Mauwa hakumwacha alie peke yake. Akakunja mikono ya dera. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Siku nne unaumwa nami nipo ukuta wa pili, hujaniita! Umekwenda kununua vidonge vya rangi. Mafua hayataki rangi, shoga, yanataka moshi."

Jioni ile ile akaleta chungu kimejaa majani: mkaratusi, mchaichai, mrehani. Akakichemsha, akamkalisha mwenzake mbele ya mvuke, akamfunika blanketi zito gubigubi.

"Mauwa, naungua!"

"Ungua kidogo. Umefukiza wenzio miaka arubaini, leo ufukizwe wewe."

Jumatatu mafusho. Jumanne mafusho. Jumatano mafusho. Na kila baada ya mafusho, kikombe cha tangawizi na limau, asali juu yake, moto wa kuchoma ulimi. Bi Mwanakheri alikuwa akitoka chini ya blanketi uso unang'aa, kamasi zimelainika zinatoka zenyewe, kifua kimeachia. Raha ile ikimkaa saa moja, saa mbili. Kisha pua inaziba tena, naye anarudi kitandani akihesabu siku kwa vidole.

Sasa mtaniuliza, muda wote huu nyumba inaendeshwa na nani? Inaendeshwa na Raya, mke wa mwanawe. Raya si msemaji. Tangu Ijumaa ya kwanza alipoona mama mkwe anapiga chafya, hakuuliza kitu. Mgonjwa haulizwi uji. Asubuhi bakuli la uji wa pilipili manga. Mchana mchuzi mwepesi wa kuku wa kienyeji. Usiku maji ya moto karibu na kitanda. Harusi ina mambo elfu: mchele wa kuchagua, nguo za kupiga pasi, wageni wa kupokea. Yote akayabeba yeye. Alisimama mlangoni wageni wakija na makelele yao.

"Tumekuja kumwona mgonjwa!"

"Mgonjwa amelala."

"Dakika moja tu!"

"Amelala dakika hiyo pia."

Wakamwita mkwe mwenye kiburi. Leso zikalowa, akafua. Zikalowa, akafua. Na uji ule wa pilipili manga alikuwa akipeleka bakuli la pili barazani kwa Bi Kazija, aliyelipokea akisema, "Hii si dawa, ee? Mimi dawa sitaki."

"Si dawa, mama mdogo. Ni uji."

"Haya. Ongeza sukari."

Usiku wa kuamkia Alhamisi Bi Mwanakheri hakulala vizuri kwa hofu. Aliwaza, pua isiporudi nifanye nini? Nimpe mtu mwingine kibati cha mwanangu? Nimtoe Shamsa na udi wa dukani? Binti yule hakumjua mama yake. Harufu ile ndiyo kitu pekee cha mama yake ninachoweza kumpa. Akamwomba Mungu kwa maneno mafupi, kwa sababu pua iliyoziba hairuhusu maneno marefu.

Asubuhi jua limeshachomoza, amekaa kitandani ameinamisha kichwa, kitu kikampita puani. Chembamba. Akainua kichwa. Kikaja tena. Kikali, kitamu, kichungu kidogo.

"Raya!" akapiga ukelele. "Raya! Maandazi yanaungua!"

Lo! Nyumba ikalipuka. Shamsa alitoka chumbani kwake mbio, nywele nusu zimesukwa, akamkumbatia bibi yake. Raya akasimama na upawa mkononi, maandazi yanateketea nyuma yake, anacheka na machozi yanamtoka. Bi Mauwa akaruka kutoka nyumba ya pili anapiga vigelegele, "Mafusho! Mafusho yangu!" Nasra, aliyekuwa anapita kwenda kufungua duka, akachungulia mlangoni, akatabasamu, akasema kwa upole wake, "Alhamdulillahi, bibi. Nilijua vidonge vitakufaa."

Na hapo hapo, kabla mtu hajajibu, sauti ikatoka barazani, safi, haina mafua hata chembe:

"Nyie! Nani anaunguza maandazi humo ndani?"

Wote wakageukia barazani. Ilikuwa sauti ya Bi Kazija. Bi Kazija asiyemeza kidonge. Bi Kazija asiyekaa chini ya blanketi. Bi Kazija aliyekuwa amelala mchana na usiku anakoroma na kutukana. Pua yake imefunguka siku ile ile, saa ile ile.

Maneno yaliwekwa kando kwanza, kwa sababu udi ulikuwa unasubiri. Bi Mwanakheri akanawa, akafungua kibati, akawasha moto. Safari hii hakukimbia. Sukari ikavutika. Udi ukaingia, marashi, ambari. Tone moja la zabadi. Akafunga macho, akanusa. Akamwona Zainabu amesimama mlangoni na mtoto mgongoni kama ilivyokuwa siku ile ya kibati. "Basi," akasema, "usiongeze." Akaishusha sufuria. Shamsa akaisogelea, akavuta harufu. Kisha akauliza, "Hivi ndivyo alivyokuwa akinukia?"

"Ndivyo hivi hivi, mjukuu wangu," akasema bibi yake.

Sasa Jumamosi imefika. Nyumba imejaa wanawake mpaka uani. Shamsa amepambwa, amefunikwa shela, yupo nyuma ya pazia. Makaa yamo kwenye chetezo, mekundu. Bi Mwanakheri ameshika chetezo kwa mkono mmoja na udi kwa mwingine, na mbele yake wamesimama wanawake wanne.

Nasra akasema, "Bibi, mimi sikukudanganya. Nilikwambia dawa yangu inanyamazisha, haiui. Lakini zile siku za kwanza zilikuwa mbaya kuliko zote, na ulizilala. Bi Kazija hakulala, wala jirani zake hawakulala. Mtu akikupa usingizi ukiwa umekata tamaa, hajakufaa?"

Bi Mauwa akamkata, "Usingizi uliokuharibia nusu ya udi! Shoga, wakati wa kilio nani alikuja? Nani aliyejiunguza vidole kwa chungu siku tatu? Kamasi zilitoka kwa nani, kwa kidonge au kwa mvuke? Mimi ndiye niliyekufikisha Alhamisi ukiwa bado una matumaini."

"Udi uliharibiwa na haraka ya mpishi, si na kidonge changu," akasema Nasra. "Nilimwonya."

"Ulimwonya polepole mno!"

Bi Kazija akapiga makofi. "Mmemaliza? Mimi nimekula nini? Sikula kitu. Nimefukiza nini? Sikufukiza kitu. Mbona nimesikia andazi linaungua pamoja na dada? Mafua yaliondoka kwa miguu yao wenyewe. Na nani katika nyumba hii alisema hivyo tangu siku ya kwanza? Dada angenisikiliza mimi akangoja, kibati kingekuwa kizima mpaka leo. Anayesema kweli hastahili?"

"Wewe ulikunywa uji," akasema mmoja wa wageni kutoka nyuma.

"Uji ni chakula!"

"Uji wa pilipili manga, asubuhi saba!"

"Ni chakula, nimesema! Si ndiyo, Raya?"

Macho yote yakamgeukia Raya. Raya alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, kanga kiunoni, mikono imechubuka kwa kufua leso. "Mimi sina dawa," akasema. "Wala sikujua yatakwisha lini. Nilijua tu kwamba mtu akiumwa, kazi zake hazingoji." Akataka kurudi jikoni. Ungemtazama hivi ungesema ndiye mwenye chetezo. Lakini Bi Mauwa akanong'ona, na wengi wakamsikia, "Kumhudumia mkwe ni wajibu wake. Wajibu hupewa chetezo?"

Bi Mwanakheri alimtazama Nasra, akakumbuka ile Jumamosi aliyopata usingizi. Akamtazama Bi Mauwa, akakumbuka mkono uliomwinua kutoka chini jikoni. Akamtazama Raya, akakumbuka mlango uliofungwa na uji uliofika bila kuitwa. Akamtazama mdogo wake, mwenye kichwa kigumu, aliyesema kweli tangu mwanzo na ambaye hakumnyanyulia hata leso. Wote anawapenda. Wote watakuwa majirani zake mpaka kufa. Na Shamsa nyuma ya pazia anaita kwa sauti ndogo, "Bibi, makaa yanapoa."

Akatia udi wa Zainabu juu ya makaa. Moshi ukapanda, ukaenea nyumba nzima. Akaunyoosha mkono wenye chetezo.

Wengine wanasema alikipa kulia, wengine wanasema kushoto. Karafuuni wamegombana kwa ajili hiyo mpaka watu wakahama mitaa, nami sikuja hapa kuhamisha mtu. Nyinyi ndio mmesikia yote. Nawe unayepenga kamasi huko nyuma, sogea mbali na sinia yangu, lakini nawe pia ujibu, kwa sababu haya yanakuhusu.

Aliyempa usingizi, aliyempa matumaini, aliyempa uji, au aliyempa ukweli: je, nani alistahili kutangulia mbele ya Shamsa na harufu ya mama yake?